Madishi Mawili Juu ya Paa Langu

Mume wangu na kaka yangu ni mafundi wa madishi, na tunaishi nyumba moja. Mmoja aliajiriwa na kampuni ya televisheni ya kulipia, mwingine na wapinzani wao. Basi miaka nenda rudi wakala meza moja bila kusemezana. "Mwambie kaka yako anipe chumvi," mume wangu ananiambia, na kaka yangu amekaa mbele ya pua yake! Juu ya paa kila mmoja alifunga dishi lake, yakapeana mgongo.

Wiki iliyopita kampuni zao zikaungana. Wakarudi wamevaa fulana za rangi moja, wanacheka. Nikashusha pumzi. Kumbe kampuni mpya imetoa amri: nyumba yenye madishi mawili, moja ling'olewe. Haikusema lipi.

Wakapanda, kila mmoja kwa ngazi yake. Wakashuka kila mmoja amekumbatia dishi la mwenzake, jasho linawatiririka.

"Kazi nzuri, shemeji!"

"Wewe ndiye fundi, shemeji!"

Sebuleni televisheni ikawa nyeusi tii.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikawaka. Binti akaniambia nitulie, fundi aliye karibu nami anatumwa sasa hivi. Sijaweka simu chini, ya mume wangu ikalia palepale kochini. Akasikiliza, akanitupia jicho.

"Nyumba hiyo naijua," akasema. "Mama mwenyewe mkorofi. Mtumeni mwenzangu."

Kaka yangu akazima yake kabla haijalia.