Aliyenibebea Pikipiki Mtoni

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya sikusimuliwa. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Miaka ya sabini nilikuwa bwana shamba wa pamba, vijiji vya huku Masumbwe. Mwanzoni tulipewa mapikipiki mazito ya Kiingereza. Likikulalia kwenye tope la mbuga, unakaa hapohapo mpaka wapite watu wa kukunasua. Kisha zikaja zile nyepesi za Kijapani. Weee! Tairi za meno, usukani mpana, ekzosi imepandishwa hadi pajani isinywe maji. Njia ya ng'ombe inapita, tuta la mihogo inaruka. Wasukuma wakaiita Mbuzi. Na niamini, raha yake kubwa ni kwamba mto ukijaa, watu wawili wanapitisha mti kwenye fremu, mmoja mbele mmoja nyuma, wanaibeba begani hadi ng'ambo.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi binti yangu aliumwa na nyoka akipalilia pamba. Zahanati yetu haikuwa na sindano ya sumu ya nyoka. Mganga akaniambia nikimbilie Masumbwe, na jua lisizame kabla sijarudi. Niliipata, nikaifunga kifuani ndani ya koti. Kurudi, nakuta mto umefura na vijana wabebaji wote wako ng'ambo. Niliita mpaka koo likakauka, hawakusikia. Ningeiacha pikipiki nivuke kwa miguu, ningefika nyumbani usiku. Mtoto ningemkuta hai?

Nikageuka. Mtu amesimama nyuma yangu na mti mkononi, kofia ya pama imemfunika uso.

"Mwadila," nikamsalimu. Kimya.

Huku kwetu asiyeitikia salamu humpi mgongo, hilo hata mtoto analijua. Lakini haraka haina baraka, ndugu yangu. Nikasema moyoni labda ni kiziwi. Nikashika mbele, yeye nyuma, tukaingia.

Maji yalinifika kifuani. Pikipiki ikawa nyepesi kama kapu tupu, nami nikamshukuru Mungu. Tulipofika katikati, sauti ikaja karibu kabisa na sikio langu.

"Dawa ya nani hiyo?"

Sikuwa nimemwambia nina dawa. Ningegeuka? Ningeteleza, na sindano ingekwenda na maji.

"Ya mwanangu," nikasema.

"Anaitwa nani?"

"Mbula."

Jamani, nilitaja! Akalirudia jina mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza njia.

Nilipokanyaga ukingo, wale vijana walirudi nyuma, hakuna aliyenipokea. Mmoja wao, Masanja, ndiye aliyepata sauti, akaniuliza nimebebaje peke yangu. Walichoona wao ni ncha ya nyuma ya mti ikining'inia hewani, bila bega la mtu. Nilipiga kiki nikaondoka.

Sindano ilifanya kazi. Jioni binti alifumbua macho, akanitazama, kisha akatazama mlangoni.

"Baba, yule uliyekuja naye mbona umemwacha nje?"

Nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote.

Tangu siku hiyo, mto ukijaa alikuwa anainuka, anafungua mlango na kuitikia "abee". Mama yake alimkamata mara mbili akiwa ameshafika bondeni. Nilirudisha pikipiki ofisini, tukahamia Shinyanga mjini, mbali na mto. Wapi! Aliitikia hata huko. Mpaka wazee wa ukoo walipombadilisha jina ndipo akalala. Yu hai, ana watoto, lakini mimi mvua ikinyesha silali.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukikwama mtoni pokea msaada, lakini jina la umpendaye usimpe mtu ambaye hujamwona uso. Hilo la Mbula nimekutajia kwa kuwa si lake tena. La sasa usiniulize. Hata wewe uso wako sijauona.