Utando Ndani ya Shaba

Miaka ile maduka ya Same yalikuwa yameanza tena kuwa na vitu. Sabuni hatukuipangia foleni, na stilwaya za kusugulia sufuria zilining'inia sokoni kama mapambo. Naitaja stilwaya mapema kwa sababu mpaka leo ninaichukia.

Nilikuwa ninasomea fizikia ng'ambo, shahada ya mwisho. Kazi yangu yote ya miaka minne ilikuwa chombo kimoja cha shaba, chenye tumbo nene na midomo miwili, cha kufungwa kwenye mashine ya kukimbiza chembe zilizo ndogo kuliko atomu. Ndani yake nilikuwa nimepaka madini ya kijivu ya niobi, membamba kuliko unywele, ambayo yakipozwa sana hupitisha umeme bila kuupoteza hata kidogo. Kwenye vyombo vya kwanza vyote madini yalibanduka. Kwenye hiki yalishika. Mtambo wa baridi kali wa kukipimia ulikuwa katika maabara ya nchi nyingine, nikaambiwa nikibebe kwa mkono. Na mimi kwa ujanja wangu nikapitia kwanza nyumbani Bombo, kule milimani, siku nne tu. Bila kipimo hicho sikuwa na shahada.

Pale stendi ya Same askari alikikagua, akasema huo ni mtambo wa gongo. Nilimweleza habari za chembe mpaka koo likanikauka. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama zinalewesha.

Mama naye, baada ya shikamoo na chai, aliuliza ndani mna nini. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Neno la Kiswahili la yale madini niliyoyapaka nilikuwa nimelitafuta mwenyewe na nilikuwa nikilionea fahari.

"Mna utando, mama," nikasema.

Kwake yeye utando ni ule unaoganda kwenye sufuria ya uji mtu mvivu asipoiloweka. Akauliza chombo ni cha nani. Nikasema ni cha watu, nimeazimwa tu. Aliguna, akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

Kesho yake niliteremka Same kuulizia basi. Niliporudi jioni nilikikuta uani, chekundu ndani na nje, kinang'aa. Mama alikuwa ameazima spana kwa fundi baiskeli, akafungua mifuniko, akasugua kwa majivu, kisha mchanga, kisha stilwaya mbili mpya. Na kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu, alikuwa amekijaza maharage.

Nilikaa chini palepale nikalia, mtu mzima na elimu yangu. Mama alidhani nimeona haya.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Kwenye vitabu siwezi kukusaidia. Kusugua naweza."

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka mpaka damu. Nilikuwa na hasira ya kubomoa nyumba, na maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Nikasema asante.

Nilikipeleka hivyohivyo. Kuanza upya kupaka kulinichukua miaka miwili zaidi, na maharage tuliyala maabara. Nilipopata likizo nyingine, mama aliniuliza wenyewe walisemaje. Nikamwambia ukweli: profesa wangu alichungulia ndani, akasema hajawahi kuona chombo kilichosafishwa namna ile. Mama alifurahi sana. Akaniambia safari ijayo nije na vyombo vyao vingine.