Pini Nyekundu ya Kikosi cha Mlimani

Pale kituo cha zimamoto walimwita Mama Pini, na wala hakuchukia. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya ramani ya msitu, ramani pana kama kitanda, na pini zake kwenye kisahani: bluu ya ndege, kijani ya kikosi cha barabarani, nyekundu ya kikosi cha mlimani. Aliyetaka kujua nani yuko wapi aliangalia ukutani. Sheria ilikuwa moja tu, mkuu wa kituo aliiandika mwenyewe kwa wino mzito juu ya ramani: PINI HAISOGEZWI MPAKA WENYEWE WASEME WAMEFIKA.

Sasa, kikosi cha mlimani kiliongozwa na mume wake, na yule bwana kwa kutunza muda alikuwa kero. Akisema atarudi saa kumi na moja, mkewe humimina chai saa kumi na moja kasoro dakika tano, na hata siku moja haijawahi kumpoea mezani. Majirani waliwatania eti nyumba ile inaishi kwa kengele. Wenyewe wakicheka. Kumbe tabia hiyohiyo tamu ya nyumbani ndiyo ingekuja kumponza mama wa watu kazini.

Moto ulikuwa na siku ya tatu, ng'ambo ya mlima ambako gari halifiki na simu hazishiki. Mpango waliuandaa alfajiri. Ndege itamwaga maji kileleni kuuchelewesha moto. Kikosi cha mlimani, watu kumi na wawili, kitafyeka nyasi mteremkoni, kisha kitashuka na kuvuka mto. Wakishavuka, kikosi cha barabarani kitawasha nyasi za chini ya mlima saa sita kamili, ili moto mkubwa ukifika usikute cha kula. Mpango safi kabisa. Ila atakayekuwa bado mlimani saa hiyo atakuwa na moto juu yake na moto chini yake.

Saa tano na robo sauti ya mumewe ilikuja redioni: "Tunaanza kushuka. Nusu saa tutakuwa ng'ambo ya mto." Baada ya hapo kimya, na kimya hakikumtisha mtu, maana ukishaanza kushuka redio haisikiki mpaka ufike mtoni. Saa sita kasoro robo ilipofika, Mama Pini akanyoosha mkono, akaing'oa pini nyekundu, akaichomeka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemwambia. Bwana kasema nusu saa, nusu saa imetimia, basi. Mkuu wa kituo akatupia macho ukutani, akawaambia wa barabarani kwa redio kwamba wenzao wameshavuka.

Saa sita kasoro dakika tano rubani akaita. "Mama Pini, mbona hapa ng'ambo ya mto sioni mtu?"

Akaitazama ile pini. Mkuu wa kituo, mzee asiye na haraka na lolote, aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Labda wako chini ya miti," mkuu akasema. "Si wamekwambia wamefika?"

Jamani, mtu unaweza kutamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza, na wala asingejua mtu. "Hawajaniambia," akasema. "Nimeisogeza mimi tu, mkuu. Kwa mazoea."

Mzee hakumfokea. Aliruka, yeye na magoti yake mabovu, akaikamata redio. "Barabarani! Simamisheni! Msiwashe!"

"Mkuu," wakajibu, "upepo ulitaka kugeuka, tukawahi kidogo. Upande wa kushoto umeshashika."

Mama Pini akaikodolea macho ramani. Akilini alimwona mumewe katikati ya mioto miwili, akiangalia saa yake. Alitaka kulia, alitaka kukimbia, akajilaani kwa sauti mpaka mkuu akamshika bega. "Baadaye," mkuu akamwambia. "Unamjua kuliko sisi. Yuko wapi?"

Yuko wapi? Mtu yule hachelewi. Kama amechelewa, basi kuna aliyeumia, na hawezi kumwacha. Wanambeba. Na mwenye kubeba mtu hapiti njia fupi ya mawe, anazunguka korongoni kwenye mchanga. Alipima kwa vidole juu ya ramani: kwa mwendo huo, wako nusu ya korongo, na moto wa kushoto unaenda kuwazibia pa kutokea.

"Rubani, una maji?"

"Tangi moja. Nikimwaga, mpaka ziwani na kurudi ni dakika ishirini."

Dakika ishirini hawakuwa nazo. Akikosea, ni yeye amewaua, wote kumi na wawili. "Mwaga kwenye mdomo wa korongo," akasema, "pale linapokutana na mto. Yote." Kisha akafumba macho. Alisikia feni ikizunguka na saa ya ukutani ikigonga, na mkuu akipumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Nimemwaga," rubani akasema. "Moshi mwingi. Sioni kitu."

Dakika nne. Usimuombee hata adui yako dakika nne kama zile. Halafu redio ikakwaruza.

"Nani huyo katuogesha?" Ilikuwa sauti ya mumewe, anakohoa. "Tuko majini, tunavuka. Kumi na wawili. Mmoja kavunjika mguu." Mkuu akaketi chini, sakafuni kabisa, na Mama Pini akalia mpaka kwikwi.

Jioni mumewe aliingia nyumbani akinuka moshi, nyusi zimeungua. Mezani kulikuwa na kikombe kitupu, na chupa ya chai imefungwa.

"Ha! Leo sijamiminiwa?"

"Kaa kwanza."

Akakaa. Akangoja. Chupa haikuguswa.

"Sema," mkewe akamwambia.

"Niseme nini tena, mke wangu?"

"Sema umefika."

Alianza kucheka, akamwona uso, akaacha. "Nimefika," akasema.

Ndipo mkewe akamimina, na nusu ya chai iliishia mezani.