Wanaume Wasiotoka Baada ya Magharibi

Mshauri wa vinasaba alinisogezea boksi la tishu kabla hajasema neno. Alikuwa mpole, wa rika la binti yangu aliyekaa pembeni yangu. Aliniuliza kama niko tayari kusikia jambo zito la kifamilia, kisha akavuta pumzi na kusema vipimo vinaonyesha kwamba baba yangu na mama yangu walikuwa ndugu wa damu.

Nilisubiri aendelee. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Sikutaka kumharibia kazi, maskini. Tanga nzima inajua kwamba babu zangu wawili walikuwa ndugu, baba mmoja mama mmoja, na harusi ya wazazi wangu ilisherehekewa siku saba kwa sababu hiyohiyo. Kwetu mtu akioa nje huulizwa amekosa nini ndani. Kaka yangu naye alioa ndani. Mimi nilimwoa mgeni, na kwa kujirekebisha nilikuwa mwaka mzima nikimshawishi binti yangu aolewe na mtoto wa kaka. Amezaliwa hapa Johannesburg, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na niliogopa atatupotea. Alikataa, nami nikaendelea kupanga harusi. Sasa nimetolewa damu na kusubiri miezi ili niambiwe kitu ambacho shangazi angenieleza bure, na chai juu.

Binti yangu hakucheka. Yeye ndiye aliyenileta, baada ya mimi kugonga kwa gari nguzo ya geti la jengo letu mtaani Berea, jioni, nguzo ambayo haijawahi kuhama. Nilikuwa nimeilaumu taa. Kabla ya taa nililaumu miwani, na kabla ya miwani nililaumu umeme wa nchi hii, ambao kwa kweli unalaumika.

Mshauri akaeleza kwamba macho yangu yanakufa polepole, yakianza kwa kutoona gizani. Ugonjwa huu humpata mtu akirithi kasoro ileile kwa baba na kwa mama, na wazazi wangu waliipata kwa wazee walewale. Akauliza kama kwetu kuna wengine wasioona jioni.

Nikasema hapana. Nikaongeza, kwa majivuno kabisa, kwamba wanaume wa kwetu ni wastaarabu, Magharibi ikishaingia hawatoki. Babu hakutoka. Baba hakutoka, na kukiwa na msiba usiku alishikwa mkono hadi mlangoni, kwa heshima. Tulisifiwa mji mzima.

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo wazee wetu walikuwa hawaoni, nasi tukaita adabu.

"Na mimi, Baba? Muulize," binti yangu alisema.

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Mshauri alisema binti ameibeba kasoro hiyo upande mmoja tu, wa kwangu, ataona vizuri, na watoto wake wataona, mradi baba yao asiwe ameibeba pia. Mtu wa ukoo, alisema taratibu, ndiye wa kuogopwa zaidi.

Tulipofika kwenye maegesho nilimpigia kaka simu.

"Shikamoo, Kaka. Mkwe wangu jioni huwa yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko ndani, atakuwa wapi tena?" Alicheka kwa raha. "Yule hana makundi. Akishaswali Magharibi hatoki, kama marehemu baba."

Siku nzima nilikuwa na la kudhihaki, ila hapo sikupata. Nilihisi woga, woga hasa, kwa ajili ya kijana yule.

"Mpeleke hospitali akapimwe macho, Kaka. Na harusi hakuna."

"Tumekukosea nini?"

Nilimwambia nitampigia tena nimweleze. Binti yangu alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Eish, Baba," alisema kwa mguno wa watu wa huku, basi.

Mwaka mzima nilikuwa nimemwambia kwamba hajui kutazama mbali. Nikamwomba radhi, nikafunga mkanda. Jua la Juni huku huzama mapema, kwa hiyo sikuona kama alitabasamu.