Karatasi za Ukuta wa Mama

Juzi kijana mmoja alikuja kubandika matangazo kwenye ukuta wa duka la jirani yangu, na gundi yake ilikuwa uji wa muhogo. Harufu ile ya unga uliopikwa ukaanza kuchacha ilinisimamisha barabarani na kapu langu, mtu mzima mimi, machozi yakinilengalenga. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi utotoni, Rudewa, kwenye nyumba yetu ya udongo iliyokuwa ikitumwagia vumbi kwenye mboga.

Dawa ya vumbi hilo, kwa Mama na kwa wanawake wengi wa kijijini kwetu, ilikuwa kubandika karatasi ukutani kwa uji kama ule. Karatasi zetu zilikuwa za vitabu vya katuni. Baba alikuwa dereva wa lori, na kila akitoka Morogoro alituletea mimi na kaka yangu Saidi kitabu kimoja. Yeye hakufungua hata jalada. Akifika nyumbani alikuwa mtu wa kuoga, kula na kulala. Sisi tulikisoma mpaka kikalegea, kisha Mama alikichana na kukipeleka ukutani.

Vilikuwa vya mfululizo mmoja, lakini kila kitabu na mtu wake. Kulikuwa na Bi Mwasiti, muuza vitumbua wa stesheni. Kulikuwa na mpiga picha wa studio, bwana mwenye majivuno yasiyo na kipimo. Na kulikuwa na dereva wa lori, mnene, hatoki bila kofia yake ya pama. Tuliziona ni hadithi tatu zisizojuana.

Siku moja, nikiwa kitandani na malaria, nikitazama ukuta kwa kukosa kazi, nikaona mbuzi. Kwa Bi Mwasiti mbuzi huyo alipindua beseni akakimbia na kitumbua kimemchomeka kwenye pembe. Kwenye karatasi iliyo kando yake, nyuma ya bibi harusi anayepigwa picha studioni, mbuzi yule yule, na kitumbua chake! Chini yake, dereva amefunga breki ghafla. Siku zote tulidhani amelewa, kumbe mbele ya tairi palikuwa na mkia wa mbuzi. Mambo yote yalitokea siku moja, katika mji mmoja. Nilimwita Saidi kwa kelele hadi Mama akaja mbio akidhani homa imenipanda kichwani.

Toka hapo hatukulala mapema. Mwavuli uliopotea studioni tuliukuta nyuma ya lori. Saa ya stesheni ililingana katika vitabu vyote, haikumdanganya mtu hata mara moja. Aliyechora vile alikuwa fundi kweli kweli, nami hadi leo namvulia kofia. Tuliishukuru pia bahati, maana Mama, ambaye tulijua hajui kusoma, alizibandika karatasi zenye kuhusiana kando kwa kando.

Kitabu cha mwisho kilikuja msimu ule tulioambiwa tuhamie kijiji kipya cha ujamaa. Mvua zilikuwa kubwa, na Baba alikuwa akisomba mizigo ya waliokuwa wakihama. Alikiacha asubuhi akaondoka. Tuliporudi kutoka shamba la pamba la shule, kitabu chote kilikuwa ukutani, gundi bado mbichi, nasi hatujakisoma. Niligoma kula. Karatasi ya mwisho ilimwonyesha dereva akiingia darajani, mto umefura, na ng'ambo Bi Mwasiti akimpungia kanga. Alivuka? Jibu lilikuwa upande uliopakwa gundi.

"Upande ule hauna kitu," Mama alisema.

Baba hakurudi siku zile. Tulisikia barabara ya Mikumi imekatika. Kwangu mimi, dereva wa ukutani na Baba walikuwa wameshakuwa mtu mmoja, na niliogopa sana.

Siku ya kuhama, Mama alipokwenda kuaga majirani, mimi na Saidi tuliulowesha ukurasa ule kwa maji ya moto, tukaubandua polepole. Lori lilikuwa mtoni, magurudumu juu. Kofia ya pama ilikuwa inaelea. Bi Mwasiti amejishika kichwa, na hata mbuzi aliyetuchekesha miezi yote alisimama ukingoni kama mfiwa.

Honi ilipolia barabarani, nilikimbia nikaikumbatia miguu ya Baba, nikalia.

"Shikamoo imekwenda wapi leo?" akaniuliza akicheka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sasa kilio cha nini?"

Mama, aliyekuwa amesharudi, aliiona karatasi mkononi mwangu. Aliichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kwenye nyumba mpya aliibandika tena, upande ule ule wa darajani ukionekana. Jioni moja Baba, akila bila haraka, akaitazama.

"Huyu mwenzangu alivuka?"

Mama, upawa mkononi, akanitazama mimi.

"Alivuka, Baba," nikasema. "Akala na vitumbua."

Nilikuwa tayari na watoto wangu mwenyewe siku Mama aliponiambia, akicheka, kwamba wakati ule alikuwa ameshamaliza kisomo cha watu wazima. Alituficha kwa kuogopa tutamcheka anavyogugumiza. Kila karatasi aliisoma kwanza, kwa kidole, nyumba ikiwa tupu. Mbuzi alimwona kabla yetu, akampanga ukutani ili nasi tumwone. Na ule ukurasa wa mtoni aliusoma pia, peke yake, mumewe akiwa barabarani na mvua inanyesha. Akaugeuza, akaupaka gundi, akaendelea kutupikia.