Nilisema Siri Yangu Mbele ya Mume Wangu Nikidhani Haelewi

Admin, ficha jina langu kabisa, mashemeji zangu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tisa, watoto wawili, nimeolewa pande za Kathonzweni. Mume wangu alikuwa dalali wa ng'ombe soko la Emali, mtu wa maneno mengi na kicheko. Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakakataa kutoka.

Akitaka maji anasema "ba", akijaribu tena inakuwa "ta", mdomo unatafuta tafuta mpaka jasho linamtoka. Lakini tukiomba, "Amina" inatoka safi kabisa. Shemeji mmoja akasema anaigiza. Wengine wakasema akili imeenda. Mimi niliwaamini hao wengine, nikawa naongea mbele yake kama hayupo.

Siku moja dada yangu alikuja kunisaidia kuchagua ndengu za kupika, kutoa mawe. Tuliketi nje ya nyumba, mume wangu hapo kando kwa kiti chake. Dada akaniuliza mbona kitinda mimba wangu, tumwite Mwende, hafanani na mtu yeyote kwa hii boma. Nilikuwa nimechoka kubeba hilo jambo. Nikamwambia, "Si wa huyu. Ni wa mzee wa kanisa." Dada akashtuka, akamwonyesha mume wangu kwa macho. Nikasema, "Huyo hata ukimtukana hajui."

Huyo mzee wa kanisa ndiye alikuwa anakuja kila Jumapili kumwombea. Tangu siku ile, mume wangu akimwona anageukia ukuta, machozi yanamtoka. Tukasema ugonjwa umezidi.

Mwezi uliopita tukapata nafasi kwa mtaalamu wa matamshi, msichana mpole sana. Alimwonyesha picha, akamwuliza maswali, akamwambia ajibu kwa kidole. Hakukosa hata moja. Kisha akaniambia, "Mama, kuna wagonjwa wanaopoteza maneno yenyewe, hata ukiwaongelesha hawashiki vizuri. Kuna wengine ulimi na midomo imekosa nguvu. Mzee wako si hao. Maneno yako kichwani na mdomo una nguvu, ila ubongo unashindwa kuupangia namna ya kuyatamka. Hiyo Amina inatoka kwa sababu ameizoea, haipangi."

Nikamwuliza, "Kwa hivyo anaelewa?"

"Kila kitu. Na nafikiri ni tangu mwanzo."

Mume wangu alikuwa ananiangalia.

Tulipofika nyumbani nilipiga magoti, nikamwuliza kama alinisikia siku ile na dada. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika polepole, herufi zimepinda: MWENDE ASIJUE. Akaisukuma karatasi kwangu na kufunga macho.

Hajaniandikia kitu kingine mpaka leo. Kila asubuhi naketi mbele yake atazame mdomo wangu nikitamka, naye anafuata. Mtaalamu anasema maneno yatarudi kidogo kidogo. Naombea yarudi, na ninaogopa yatakaporudi.

Yule mzee bado anakuja Jumapili. Nikimfukuza, mashemeji watauliza sababu, na Mwende atajua. Nikinyamaza, mume wangu ataendelea kushikwa mkono na mtu huyo akiombewa. Ndugu zangu, wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Mnitukane mkitaka, lakini mnishauri.