Mzee Aliyetembea Kwenye Tovuti Yangu

Shule niliiacha darasa la tano, na sioni haya kusema. Kambi yangu ya wageni hapa Karatu nimeijenga mwenyewe, na tovuti yake nimeiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa vidole viwili. Wenye diploma huja kuniuliza.

Fahari ya tovuti hiyo ilikuwa baba. Nilimrekodi video kule kwetu Nainokanoka akirudisha ng'ombe, nikachora picha nane za hatua zake, nikazipanga zifuatane. Juu ya ukurasa akawa anatembea, fimbo begani, hadi karibu na lango la boma. Hapo anarushwa nyuma, anaanza tena. Niliiamuru picha irudie bila kikomo.

Nilipomwonyesha alicheka. "Wewe, mbona unanichosha? Si unifikishe nyumbani."

"Wageni wanapenda hivyo, baba."

Masika iliyofuata alianguka njiani akirudisha ng'ombe wake, lango akiliona. Hakuinuka.

Tovuti sikuigusa. Nilisema ni kumbukumbu. Ukweli, niliogopa kuifungua.

Kisha mama akaja Karatu kutibiwa goti, akaketi ofisini kwangu mbele ya kompyuta niliyoiacha inawaka. Nilimkuta amejifunika shuka hadi puani.

"Hafiki," akasema.

"Ni picha tu, yeyo."

"Sisi hata jina lake hatulitaji tena, apumzike. Wewe unamwondoa mlangoni kila akikaribia."

Nilivuta kiti. Nikakaa, nikafuta ile amri ya kurudia, nikaandika: mara moja. Baba akatembea, akalikaribia lango, picha ikaisha. Papo hapo akawa mwanzoni kabisa, amesimama, mguu mmoja mbele. Nilisahau kwamba picha usipoiambia ibaki ilipoishia, hurudi ilipoanzia.

"Umemrudisha," mama akasema polepole.

Vidole vyangu viwili vikarudi kwenye vitufe. Nikaongeza neno la kuibakiza mwishoni, na mwisho wenyewe nikausogeza hadi ndani ya ua wa miiba. Safari hii alipita langoni, akapotea. Tulisubiri. Hakutokea. Mama akaomba chai.

Wiki mbili baadaye, nikiwa Kakesio na wageni, dereva wangu akanipa simu yake. "Bosi, mzee wako si huyu hapa? Bado anakanyaga."

Ukurasa wa zamani ulikuwa umejihifadhi ndani ya simu. Niliufuta mwenyewe. Tangu hapo, mtu akinisifia tovuti yangu, namwomba kwanza anionyeshe simu yake.